Siku moja nje ya Budapest? Kecskemét

Kaka, kama una siku moja tu na unataka kuona mji wa soko wa zamani kule tambarare ya Hungaria, usihangaike: nenda Kecskemét. Treni zinatoka stesheni ya Nyugati, Budapest; safari ni saa moja na ushee. Na ukishuka usikimbilie nje. Kodály, yule mtunzi wa muziki, alizaliwa hapohapo stesheni mwaka 1882, baba yake alikuwa mtu wa reli.

Mji ulitajirika kwa biashara ya ng'ombe, baadaye matunda na mvinyo, na hela hiyo ndiyo unayoiona kwenye majengo. Cifrapalota, yaani "jumba la madoido" (1902), ndiyo kiboko: paa la vigae vya rangi, kuta zimejaa maua ya kauri, hakuna kona iliyoachwa tupu. Mimi ningelitazama hilo nusu saa nzima kabla ya kuingia makumbusho yoyote. Ukumbi wa manispaa, kazi ya wasanifu majengo Lechner na Pártos, hauko mbali; fika saa kamili usikie kengele zake.

Pombe yao ya aprikoti ni kali, onja kidogo. Bugac, uwanda wa nyasi wenye maonyesho ya farasi, iache, bila gari utachelewa kurudi.