Arkaroola hawachimbi tena

Ndugu, umeuliza kama Arkaroola, kaskazini mwa milima ya Flinders huko Australia Kusini, bado wanachimba urani. Hapana. Mwaka 2012 bunge la jimbo lilipitisha sheria maalumu iliyopiga marufuku uchimbaji na hata utafutaji wa madini. Zamani kilichochimbwa kilikuwa shaba: pale Bolla Bollana, mahali palipo huko huko Arkaroola, bado utaona tanuru la duara walilochomea matofali ya kiwanda cha kuyeyushia shaba. Mwanajiolojia Reg Sprigg alinunua Arkaroola, wakati huo shamba la mifugo, mwaka 1968, akaifanya hifadhi. Binafsi naishukuru sana sheria ile. Ni ardhi ya Waadnyamathanha, wenyeji wa asili wa milima ile, na majabalini wanaruka walabi, wanyama kama kangaruu wadogo, wenye miguu ya njano na mkia wenye mistari kama pete.