Kasi ya milisekunde ni mdudu gani?

Msomaji anauliza: "Kwenye ripoti ya tovuti yetu niliandika 'mwitikio, kwa data za watumiaji halisi, umetoka milisekunde 180 hadi 340'. Bosi akafuta, akaweka 'kasi ya tovuti imeongezeka kutoka milisekunde 180 hadi 340'. Tunataka kupanda kwenye matokeo ya Google. Nani yuko sahihi?"

Wewe, na bosi wako kanitonesha kidonda. Kasi siku hizi ni jamvi la wageni, kila mtu analikalia. Hebu isome tena sentensi yake. Mnajipongeza au mnaomba radhi? Kasi ikiongezeka tunapiga vigelegele. Milisekunde zikiongezeka tunashika tama. Bosi kaweka harusi na matanga ukumbi mmoja. Mtu akikwambia gari lake lina kasi ya dakika arobaini, si utamtazama mara mbili? Kinachohesabiwa kwa milisekunde ni muda, nao ukirefuka, kasi imepungua. Andika "muda wa mwitikio umerefuka", basi.

Mwitikio umetokana na itikia, nayo itikia na itika. Tusichimbe zaidi. Utamu uko hapa: kuitika si kujibu. Ukiitwa, unasema "naam!" kwanza, jibu la ulichoitiwa linaweza kuchelewa. INP (Interaction to Next Paint), kipimo cha mwitikio wa tovuti ambacho Google ilikiweka mahali pa kile cha zamani, FID (First Input Delay), Machi 2024, kinapima hiyo "naam": tangu mtu agonge kitufe mpaka skrini ichorwe upya. Kitufe kikibadilika rangi, tovuti imeitika, hata kama orodha aliyoitafuta bado iko njiani. Isipozidi 200 ni nzuri. Ikipita 500 ni mbaya. Nyinyi mko katikati, mnateremka.

Na hiyo 340, tafadhali, msiiite wastani. Maana yake ni kwamba katika kila ziara nne, tatu ziliitikiwa ndani ya muda huo.

"Watumiaji halisi" nilitaka kulipiga fimbo (mtumiaji asiye halisi ni yupi?) nikajizuia. Kwenye jaribio la kawaida la maabara, yaani programu ikiipima tovuti yenyewe, ukurasa hupakiwa tu, hagongi mtu, kwa hiyo hakuna wa kuitikiwa. Libaki.

Bosi akishikilia kasi yake, mwachie, mradi afute milisekunde. Hata "spidi" nitaimeza.