Kabla hujasema "ombwe", jiulize: ombwe la nini?

Mwaka wangu wa kwanza wa shahada ya uzamili nilisimama ubaoni kuwaeleza wenzangu nadharia ya uga wa nyuzi, tawi la fizikia linalochukulia chembe kuwa mitetemo ya nyuzi ndogo mno. Nikaanza kwa kujiamini kwamba ombwe ni mahali pasipo na kitu. Mwalimu aliyekuwa ameketi nyuma akaniuliza kwa upole, "Mdogo wangu, ombwe la nini?" Sikuwa na jibu. Swali lile lilinisumbua karibu miezi miwili, na ninaandika haya ili wewe usipoteze miezi hiyo.

Katika nadharia hii ombwe si utupu. Ni suluhisho la mlinganyo: hali ambayo uga (yaani kile kinachotetema, chenye thamani kila mahali) umetulia, hauna msukumo wa kwenda huku wala kule, na kila mtetemo tunaouita chembe unahesabiwa kuanzia hapo. Ndiyo maana nadharia moja inaweza kuwa na maombwe zaidi ya moja, na chembe unazoziona ukiwa kwenye hili zisiwepo kabisa kwenye lile.

Chukua nyuzi wazi za kibosoni, yaani nyuzi zenye ncha mbili katika toleo sahili kabisa la nadharia, zile ambazo mwanafizikia Edward Witten aliziandikia nadharia ya uga mwaka 1986. Zinaishi katika vipimo 26, na ncha zao zimeshikwa na brani ya D, kitu mfano wa utando ambacho ncha za nyuzi hunata juu yake, na ambacho katika mfano huu kimejaa anga lote. Ukianzia hapo, mtetemo wa chini kabisa ni takioni, ambayo mraba wa masi yake ni hasi. Wengi tulikaririshwa kwamba takioni ni chembe inayoushinda mwanga mbio. Achana na picha hiyo, itakupoteza. Fudikiza kifuu cha nazi, weka gololi juu yake. Ule mraba hasi hausemi zaidi ya hilo: umesimama kileleni, na mguso mdogo unatosha kukuporomosha.

Mwaka 1999 mwanafizikia Ashoke Sen alisema gololi ikiporomoka inalo bonde la kutua, na kina cha bonde hilo ni sawasawa na nishati ya brani yenyewe. Maana yake ni kwamba bondeni brani imetoweka. Hakuna tena pa kushika ncha, kwa hiyo nyuzi wazi nazo hazipo. Zinabaki zilizofungwa kama pete.

Hapa ndipo ninapokusihi ufunge makala uchukue penseli. Tupa mitetemo yote, bakiza takioni peke yake, iite t. Nishati, ukiipima kwa nishati ya brani, ni 2π²(−t²/2 + K³t³/3), ambapo K = 3√3/4. Mteremko unakuwa sifuri pale t = 1/K³, karibu 0.456. Irudishe kwenye fomula na utapata −0.684, ilhali kwa kipimo hiki utabiri wa Sen ni −1. Mara ya kwanza kuiona namba hiyo kwenye kikokotoo niliifuta nikaanza upya, nikidhani nimekosea mahali. Ikarudi ileile. Mtetemo mmoja tu, mistari mitatu ya daftari, tayari umekupa asilimia 68.4 ya alichotabiri Sen! Yeye na Barton Zwiebach walipoongeza nyuga za ngazi ya 2 (ngazi hupanga mitetemo kuanzia ya chini, takioni ikiwa ngazi ya 0) walifika asilimia 94.9, na ngazi ya 4 ikawapeleka 98.6. Moeller na Taylor, mwaka 2000, wakapanda hadi ngazi ya 10: 99.91. Ukiendelea juu zaidi usishtuke. Gaiotto na Rastelli walipofika ngazi ya 18 matokeo yalikuwa yamevuka 100 kidogo, kwa sababu njia hii ya kukata ngazi, yaani kutupa mitetemo yote iliyo juu ya ngazi fulani, haiahidi kukaribia jibu kutoka upande mmoja. Mwaka 2005 Martin Schnabl alipata suluhisho kamili, bila kukata chochote, na kina kikatoka vilevile alivyosema Sen.

Kitu kinachonigusa zaidi katika habari hii ni kwamba bonde lilishaonekana mapema. Kostelecký na Samuel walilikokotoa mwaka 1990. Namba ilikuwepo, maana yake ndiyo iliyokosekana, kwa kuwa nafasi ya brani za D ilikuja kueleweka baada ya kazi ya Polchinski ya mwaka 1995. Kwa hiyo ukipata jibu usilolielewa, liandike vizuri ulitunze.

Tahadhari moja. Vitabu vingi huliita bonde hili "ombwe la kweli". Mimi husema ombwe la nyuzi wazi, basi. Chora fomula ile upande wa t hasi uone: mstari unashuka bila kikomo. Na nyuzi zilizofungwa za nadharia hii zina takioni yao, ambayo bonde letu haliigusi.

Ukitaka kujua kama umelielewa ombwe lolote, usiishie kwenye nishati. Hamishia hesabu yako pale: andika uga kama suluhisho pamoja na kitetemo kidogo, tafuta Q mpya inayotokana na hapo (Q ni opereta ya BRST, chombo cha hesabu kinachochuja mitetemo halisi na ile ya bandia), kisha uulize ni mitetemo gani halisi iliyobaki. Kwa bonde la Sen, Ellwood na Schnabl walilijibu swali hilo mwaka 2006: hakuna hata mmoja. Fuata hoja yao hatua kwa hatua, hata kama itakuchukua wiki nzima.