Usinyamaze, ila chagua wa kumjibu

Dada, umesema kila ukiandika mtandaoni kuhusu ada ya nyumba za bei nafuu, ile inayokatwa kwenye mishahara hapa Kenya, watu usiowajua wanakuuliza kabila lako badala ya kujibu hoja, na sasa unataka kunyamaza kabisa. Tafadhali usinyamaze. Pesa inayokatwa ni yako.

Anayekuuliza kabila mwache hapo hapo. Ukimjibu hata neno moja, mazungumzo yametoka kwenye ada yakaingia kwenye ukoo wako, na hayarudi.

Anayebisha kwa hoja ndiye wa kumpa muda. Mwekee hesabu: mshahara wa shilingi 40,000, asilimia 1.5 ni 600, na mwajiri anaongeza 600 nyingine. Halafu muulize yeye angezitumiaje hizo 1,200. Swali hilo limenipatia majibu ya maana kuliko maelezo yangu yote marefu.

Hakikisha pia mnazungumzia sheria moja. Wengi bado wanashikilia kwamba Mahakama Kuu iliiondoa ada. Ni kweli, Novemba 2023 ilisema inakiuka Katiba, lakini Bunge likapitisha sheria mpya, ikatiwa saini Machi 2024. Nimeona watu wawili wakitukanana hadi usiku wa manane, mmoja akishikilia hukumu, mwingine sheria mpya, na hakuna aliyemuuliza mwenzake anazungumzia mwaka gani. Iliniuma, maana wote wawili walikuwa wamesoma.

Ukikosea tarakimu, kiri papo hapo. Na ukiona vidole vinatetemeka kwa hasira, weka simu chini, ujibu asubuhi.