Sina cha kumsamehe Queen Latifah

Swali lenu la wiki hii, "Msanii gani aliacha fani iliyomtoa akahamia nyingine, na je, ulimsamehe?", tumesomewa saluni na binti anayenisaidia kazi, mimi mikono ikiwa imejaa rasta. Mteja wangu akajibu haraka: Will Smith, yule aliyeanza na rap akahamia kwenye filamu. Nikamwambia atulize kichwa, nikimaliza kumsuka nitawaandikia la kwangu.

La kwangu ni Queen Latifah. Kwao anaitwa Dana Owens, mzaliwa wa Newark, New Jersey, mwaka 1970, baba polisi, mama mwalimu. Latifah ni jina alilojichagulia akiwa na miaka minane, kalitoa kwenye kitabu cha majina ya Kiarabu. Sisi kitabu cha nini? Latifu ni mpole, mtu laini. Hapa Ngarenaro nawajua akina Latifa watatu, na mpole ni mmoja tu. Huyo wa Newark akaweka "Queen" mbele, na mwaka 1989, akiwa na miaka 19, akatoa albamu yake ya kwanza ya rap, kofia zake kichwani mfano wa taji.

Mtu ambaye hakukulia Arusha anaweza asielewe kwa nini kuhama kunahitaji msamaha. Huu ndio mji wa X-Plastaz waliochanganya kuchana, yaani kurap, na nyimbo za Kimaasai, ndio mji wa kundi la hip hop la Weusi. Machalii, yaani vijana wa kiume wa hapa, wakikusikia umeimba mapenzi kwenye biti laini wanakununia mwezi mzima. Sasa fikiria mwanamke aliyekuwa anachana kama yeye, unasikia yuko kwenye vichekesho vya televisheni. Kwa machalii huyo kashazikwa.

Wimbo wake tulioujua sana mtaani ni ule wa 1993, U.N.I.T.Y. Kaseti yetu ilirekodiwa juu ya kwaya, kwa hiyo ngoma ikiisha tu unasikia kwaya inamalizia pambio. Kiingereza tulikuwa tunaokoteza, ila kuna mahali hapakuhitaji kamusi: anapita mtaani kavaa kaptula kwa sababu ya joto, kundi la wanaume linampita, mmoja anamshika makalio. Anageuka, anamtwanga ngumi ya jicho. Sisi tulikuwa tunapita stendi na sare za shule, wapiga debe wanakuvuta mkono, wanakuvuta begi, wengine hawaishii kwenye begi. Tulikuwa tunarudisha kaseti nyuma kwa kalamu ya Bic ili tusikie ile ngumi tena. Mwaka 1995 wimbo huo ukampa tuzo ya Grammy.

Na mwaka huohuo wa 1993 ndipo ilipoanza Living Single, tamthilia ya vichekesho ambayo yeye ni Khadijah, mhariri wa jarida kule Brooklyn (kazi kama yako, Mhariri, na presha kama zako, nadhani). Ikaenda mpaka 1998, na wimbo wa kuifungulia anauimba mwenyewe. Mwaka mmoja kabla haijaanza, kaka yake alikuwa amekufa kwa ajali ya pikipiki, na pikipiki hiyo ni yeye aliyemnunulia. Ufunguo wake akautia kwenye mkufu. Ukitazama vipindi vile vya zamani unauona: watu wanacheka, naye ufunguo uko shingoni. Mdogo wangu ni bodaboda, na pikipiki yake ya kwanza ilitokana na hela yangu ya kusuka. Akichelewa kurudi, nauona ufunguo ule.

Niwaambie na langu. Nilishika maiki mara moja tu maishani, mwaka 1999, kwenye ukumbi mmoja hapa mjini. Wachanaji walikuwa kama ishirini, wasichana wawili. Nilikuwa na mistari kumi na sita niliyoiandika nyuma ya daftari la hesabu. Nilipofika wa nne, DJ akabadilisha biti akaweka ragga, mshereheshaji akasema, "Sista, tuchezee basi kidogo." Ukumbi ukacheka. Nikacheza. Hilo ndilo linalonikera hadi leo, kwamba nilicheza.

Kwa hiyo namtazama Latifah kwa jicho la mtu aliyezimiwa biti. Kwenye banda la video niliona ile filamu yake ya 1996, Set It Off, wanawake wanne wanaiba benki Los Angeles. Mtafsiri kampa Cleo, ambaye ndiye Latifah, sauti nzito ya kiume, banda zima linacheka, mpaka pale anapoendesha gari kuelekea kwenye risasi za polisi. Hapo hata mtafsiri alinyamaza. Lakini ninayoirudia ni Chicago ya 2002, anapocheza Mama Morton, bosi wa gereza la wanawake. Angalia anavyoingia kuimba. Hana haraka. Anawapa watazamaji muda wa kumtazama kwanza, ndipo anafungua mdomo. Ule si uigizaji wa kufundishwa darasani, ule ni u-MC wa wachanaji, ni kujua kwamba jukwaa ni lako kabla DJ hajaamua vinginevyo. Akateuliwa kuwania Oscar, ikachukuliwa na Catherine Zeta-Jones wa filamu hiyohiyo.

Baadaye akaimba jazi, mwaka 2004, kwenye albamu yenye jina lake la kuzaliwa. 2015 akamwigiza Bessie Smith, mwimbaji wa blues wa zamani. Na sio kwamba namsifia kila kitu: kuna vichekesho vyake nimevizima katikati. Ila machalii wanaponiambia alisaliti, huwa nauliza mchanaji gani wa kike wa Arusha wa enzi zetu bado anaitwa jukwaani. Wanaanza kukuna kichwa. Latifah tamthilia ya The Equalizer aliianza Februari 2021 akiwa na miaka 50, na mpaka ilipoisha mwaka 2025 alikuwa anawapiga wanaume ngumi kwenye televisheni, tena analipwa. Binti wangu hapa anamwita "shangazi". Leo nimemwekea ule wimbo wa 1993 kwenye simu. Akaacha kuchambua rasta, akasikiliza mpaka mwisho, akaniuliza kama ni yeye kweli.

Yule mteja wa Will Smith nimeshamaliza kumsuka. Kalipa, kaita bodaboda, na bodaboda wa karibu ni mdogo wangu. Helmeti kaikataa, eti itaharibu msuko. Nimetoka nje nikachomoa ufunguo wa pikipiki, nimewaambia hawaondoki mpaka avae.

Msusi, Ngarenaro, Arusha