Mkataba ukisharidhiwa, kampuni bado zina sauti katika sheria?

Swali: Wakili, hujambo. Ibara ya 2(6) ya Katiba ya Kenya inasema mkataba wowote ulioridhiwa na Kenya ni sehemu ya sheria za nchi. Baada ya hapo kampuni zina nafasi gani ya kushawishi sheria? – Mwanafunzi wa sheria, Eldoret

Jibu: Sijambo. Nafasi wanayo, tena kubwa.

Chukua tumbaku. Kenya iliridhia Mkataba wa Shirika la Afya Duniani wa Kudhibiti Tumbaku mwaka 2004. Sheria ilipitishwa 2007, na kanuni zake zikachapishwa Desemba 2014. Miaka kumi! Mkataba unadai maonyo makubwa kwenye pakiti ndani ya miaka mitatu, lakini yaanze siku gani hasa, na asiyetii atozwe nini, hayo huamuliwa nyumbani. Hapo ndipo wenye masilahi huingia.

Nimeketi katika vikao vya kamati za bunge vya kupokea maoni. Kampuni huleta jedwali: safu ya kwanza kifungu kilivyo, ya pili maneno wanayotaka yawekwe, ya tatu sababu. Kazi ya mwandishi wa mswada inabaki kunakili tu. Wananchi huleta barua ya ukurasa mmoja isiyotaja hata nambari ya kifungu. Huniuma sana, kwani wanayolalamikia huwa ni ya kweli, ila mwandishi wa mswada hana pa kuyaweka. Ukitaka kuwafaa watu wa kwenu, jifunze kuandika jedwali hilo.

Mlango mwingine ni mahakama. BAT Kenya, kampuni ya sigara, walizipinga kanuni hizo za tumbaku, ukiwemo mchango wa asilimia 2 ya thamani ya bidhaa zao, wakidai umma haukushirikishwa ipasavyo. Kesi ilipanda hadi Mahakama ya Juu, rufaa yao ikatupwa Novemba 2019. Walishindwa, lakini miaka ilikuwa imekwenda, na kwa mfanyabiashara kila mwaka una hesabu yake.

Mkataba wenyewe ulikuwa umeliona hilo. Kifungu chake cha 5.3 kinaagiza serikali zilinde sera za afya dhidi ya masilahi ya sekta ya tumbaku, na kanuni za Kenya zikaweka mipaka ya maafisa kukutana na kampuni.

Ukilinganisha na Tanzania, kumbuka kwamba huko mkataba ulioridhiwa bado husubiri kutungiwa sheria na Bunge. Huko mvutano wako uanze kuutafuta kwenye swali la kama mswada utaletwa kabisa.