Muulize Mzee wa Kamera: Ukuta unatoka kama uji

SWALI: Shikamoo Mzee. Ninaishi Mji Mkongwe, Unguja, na napiga picha kwa simu. Nyumba inayotazamana na yetu ina ukuta wa mawe ya matumbawe unaoelekea mashariki, chokaa imebanduka vipande vipande, kwa macho unavutia kweli. Naupiga saa mbili asubuhi, lakini nikigeuza nyeusi na nyeupe unatoka kama uji, kijivu kitupu. Kanga ya mama nayo hivyo hivyo. Kaka yangu anacheka: picha isiyo na mtu wala mlango ni picha ya nini? Nimeambatanisha picha tatu.
Msomaji, Unguja

JIBU: Marahaba mwanangu. Simu haina kosa. Saa mbili jua linaupiga ukuta huo usoni, na kila jiwe linaficha kivuli chake mgongoni. Rangi ndiyo iliyokuwa ikikuvutia. Ukiiondoa hakibaki kitu.

Rudi saa tano na nusu. Wengi watakwambia mchana si saa ya picha, na kwa sura ya mtu ni kweli, macho yanageuka mashimo. Ukuta ni mambo mengine. Kwetu huku jua hupanda hadi karibu na utosi, na kabla halijauacha ukuta huupitia kwa juu, likiuparuza. Hapo hata chembe ya mchanga kwenye chokaa huangusha kivuli kirefu kuliko yenyewe, na kila ukingo uliobanduka hujichora mstari mweusi. Una muda mfupi tu, kisha ukuta wote unaingia kivulini.

Halafu simu za siku hizi zina huruma mno: zikiona kiza, zinakitia nuru. Gusa kioo penye chokaa nyeupe, shusha mwanga kwa kidole mpaka matundu ya mawe yawe meusi tii.

Kaka yako mwambie habari za Aaron Siskind, Mmarekani aliyezaliwa 1903. Alianza na maisha ya watu wa Harlem, mtaa wa New York, kisha miaka ya 1940 akageukia kuta na rangi zilizobanduka. Miaka ya 1970, huko Lima, Peru, alipiga kuta zilizopakwapakwa rangi kwa heshima ya rafiki yake, mchoraji Franz Kline, aliyefariki 1962. Hamna mtu, hamna mlango.

Ila kwenye picha yako ya pili kuna nusu ya bomba la maji pembeni. Jicho linakimbilia bomba, linajua papo hapo ukubwa wa kila kitu, mchezo umekwisha. Sogea kwa miguu, usikuze kwenye kioo, mpaka bomba litoke.

Kanga ina shida yake. Pindo jekundu na mji wa kijani vimekuwa kijivu kimoja, na jua halitakusaidia hapo. Zamani tulifunga kichujio chekundu mbele ya lenzi. Wewe fungua programu ya kuhariri, chagua nyeusi na nyeupe, kisha pandisha nyekundu na ushushe kijani. Pindo litang'aa, mji utazama.